Waliorudi Pasaka ya Wafu

Brescia, Italia, Jumapili, 11 Februari 2018

Dada Agafia,

Nakusalimu wewe mara moja na Mama mara mbili, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii. Mimi ni mzima kiasi cha mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuvunja zege la watu. Nyinyi je? Kifua cha Mama kimetulia? Na yule mbwa bado anabwekea kivuli chake?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikipiga simu Mama anakuamuru uweke spika, na haya si ya spika. Nichita dereva ataifikisha Jumanne pamoja na kahawa, mafuta ya kupikia na sabuni ya unga. Mfuko wa kahawa nimeufunga mwenyewe. Ukiukuta umefunguliwa, mwulize amekunywa vikombe vingapi njiani.

Dada, vidole vyangu vinakufa. Sijui niseme namna gani nyingine. Nikiishika ile mashine ya kuvunjia zege, baada ya saa moja vinakuwa vyeupe kama mishumaa na havisikii moto wala baridi. Juzi nilishika sufuria jikoni na sikujua lolote mpaka Sava, ninayelala naye kontena moja, aliponiambia, "Trofim, unajipika." Tukacheka. Kisha nikakaa kitandani nikaiangalia mikono yangu, na sikucheka tena. Nina miaka arobaini na tisa, kumi na minne kati ya hiyo nimeimaliza huku.

Sasa nisikilize. Nichita anasema redio ya nyumbani inatangaza Mpango wa Kurudi Nyumbani. Kwamba mtu aliyekaa nje akirudi anapokelewa, anatibiwa bure, anafundishwa kazi, anapewa cheti na vifaa. Mimi simwamini Nichita hata akiniambia leo ni Jumapili. Lakini wewe ndiye karani wa ofisi ya kijiji, karatasi zote zinapita mikononi mwako. Niambie kweli. Nataka kujenga majiko ya matofali kama Baba. Tofali halitetemeshi mtu. Ila bila cheti, nani atampa jiko lake mtu aliyeishia darasa la nane?

Mkataba wangu unaisha mwanzoni mwa Oktoba. Kama mpango ni wa kweli, narudi nikae. Kama ni maneno ya redio, nitasaini mwaka mwingine, na sijui baada ya hapo kijiko nitakishikia nini.

Pasaka nitakuja kama kawaida, kwa ajili ya makaburi. Usimwambie Mama haya mengine.

Mdogo wako,
Trofim


Valea Nucului, 25 Februari 2018

Mdogo wangu Trofim,

Salamu zako zimefika na Mama amezipokea kwa sikio la kulia. Kifua kinampanda na kumshuka kama baridi inavyotaka. Kahawa imefika ikiwa wazi. Nichita anaapa kwamba ilifunguliwa mpakani, askari walitaka kuinusa. Nikamwambia basi askari hao wanatembea na kijiko.

Mpango upo. Nimeusoma wote, kurasa arobaini na moja, mengine mara mbili kwa sababu yameandikwa ili mtu asinzie. Masharti ni haya. Uwe umekaa nje zaidi ya miaka miwili. Uwe umerudi kukaa, si kutembea. Ufike mwenyewe ofisi ya mpango wilayani ndani ya siku mia moja na themanini tangu siku uliyorudi. Ukizidisha siku moja umekosa. Na mtu anapokelewa mara moja tu katika maisha yake. Ukishaandikwa umepokelewa, basi. Matibabu yamo, hata daktari wa mikono, kozi ya ujenzi wa majiko imo, na mwisho wanakupa mwiko, kipima usawa na matofali ya majiko matatu ya kuanzia. Nimekuchukulia fomu. Nimeificha chini ya kitambaa cha meza, Mama asije akaiona akaanza kukaanga vitu.

Oktoba ni sawa kabisa. Ukifika, siku ya pili nakupeleka wilayani mimi mwenyewe.

Hapa ofisini hakulaliki. Watathmini wanakuja kutoka mji mkuu kuangalia kila kijiji kinavyowapokea watu wake wanaorudi. Mwenyekiti Terentie amepungua kilo. Jana kaniita.

"Agafia, tuna waliorudi wangapi?"

"Watatu."

"Watatu ni aibu. Jirani zetu wana tisa."

"Na mmoja wa hao watatu amesharudi Ureno, mwenyekiti."

"Mwache humohumo. Ureno ni mbali, nani atakwenda kumwuliza?"

Mabuti yako ya mpira bado yako mlangoni. Nilitaka kuyasogeza nipige deki, Mama akanitazama nikayaacha.

Usishike sufuria bila kitambaa.

Dada yako,
Agafia


Brescia, Jumapili, 6 Mei 2018

Dada Agafia,

Salamu nyingi. Tulifika salama, ingawa Nichita alisinzia mara mbili Hungaria na tukalazimika kuimba. Mama yuko vipi tangu niondoke? Alinishika mkono pale getini muda mrefu mno. Sikuupenda ule mshiko.

Nashukuru kwa kila kitu, kwa kabichi za chumvi, kwa jibini, kwa mvinyo ambao mpaka sasa Sava anauita dawa. Huku kontena linanukia nyumbani na hakuna anayetaka kufungua dirisha.

Mara kwa mara naikumbuka ile Jumatatu ya Pasaka ya Wafu makaburini. Kijiji kizima kimejaa, magari ya namba za kila nchi, vitambaa vya meza vimetandazwa juu ya makaburi, mayai mekundu, na Baba chini yetu ametulia kama aliyeshiba. Siku nyingine zote kijiji kile ni vikongwe na kuku. Yule mama wa tathmini na kamera yake alichagua siku nzuri. Alikula maandazi mangapi? Nilihesabu manne, nikaacha kwa adabu.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Maisha yangu yote nimepewa mkate na kikombe makaburini, mara nyingine na watu ambao tumegombana, na sijawahi kukataa, maana kilichotolewa kwa ajili ya marehemu hakikataliwi. Lakini kusaini ili nipewe, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Terentie anagawa mkate, kikombe na taulo, na wewe nyuma yake na karatasi. Watu waliinama wakasaini bila kuuliza, na mimi pia. Ningeanzaje kuuliza mbele ya Baba? Nilidhani ni hesabu ya vikombe.

Ni hesabu ya vikombe, sivyo?

Vidole ni vilevile. Kidole cha shahada cha kushoto sasa hakirudi rangi mpaka jioni.

Mdogo wako,
Trofim


Valea Nucului, 10 Juni 2018

Mdogo wangu Trofim,

Salamu, salamu tena. Hali ya hewa ni nzuri. Nyanya zimeshika. Mbwa hajambo. Plamu mwaka huu zitakuwa nyingi, matawi yameanza kuinama. Majirani wote wanakusalimu. Je, wewe hujambo? Na Sava hajambo? Na kazini wanakutendea vizuri?

Mama anakula, analala, lakini kuna jambo. Tarehe mosi kulikuwa na mkutano ukumbini. Kijiji chetu kimetoka cha kwanza wilaya nzima katika ile tathmini, Terentie kapewa cheti ndani ya fremu yenye kioo. Akasimama akasoma majina ya waliorudi. Mama alikuwa mstari wa mbele, sikio la kulia. Akasikia "Trofim Gandrabur".

Tangu siku hiyo anakutengea sahani. Mchana anaufunika ugali kwa kitambaa na kuniuliza, "Trofim yuko wapi, bado yuko shambani?" Mwanzoni nilimwambia uko Italia. Akanijibu, "Wewe ni karani na hujui kilichosomwa?" Sasa sisemi kitu. Naondoa ile sahani ikishapoa.

Nilikuwa nafikiri, je, huwezi kuja kabla ya Oktoba? Labda Julai. Sijui. Labda hata mapema zaidi. Si lazima. Nauliza tu.

Dada yako,
Agafia


Brescia, Jumapili, 24 Juni 2018

Dada Agafia,

Nakusalimu, na salamu ni moja tu safari hii, kwa sababu barua yako ilikuwa na salamu nyingi kuliko habari. Tangu utotoni ukivunja kitu unaanza kwa kusifia hali ya hewa. Nyanya zimeshika. Umevunja nini?

Jina langu limesomwaje kwenye orodha ya waliorudi na mimi niko hapa nimeshika mashine? Mimi sijarudi. Nilikuja siku kumi, nikala, nikalia, nikaondoka. Sava anasema, "Labda wamekurudisha kwa barua, itakufika." Nilimwambia anyamaze.

Julai siwezi. Nikivunja mkataba sasa, msimamizi ananishikia mshahara wa miezi miwili, na amesema hivyo mbele yetu wote huku anakula ndizi. Mpaka Oktoba. Tulikubaliana Oktoba, ukaniambia Oktoba ni sawa kabisa. Maneno yako hayo ninayo hapa, nayasoma usiku wa kuamkia Jumatatu, ule ambao ni mbaya zaidi.

Mwambie Mama asinitengee sahani. Au mwache atenge. Sijui lipi baya zaidi.

Niandikie yote. Mimi si mtu wa kuvunjika kwa habari, nimeshavunjika kwa mambo mengine.

Mdogo wako,
Trofim


Valea Nucului, 5 Agosti 2018

Mdogo wangu Trofim,

Wiki sita bila barua. Kwenye simu unasema "mzima, mzima" na unakata. Nichita nikimwuliza anajifanya anatafuta vifurushi. Kama umekasirika una haki. Kama ni jingine, niambie, maana jana nimeota mambo ambayo sitaki kuyaandika.

Nitakuambia sasa, nami naandikia jikoni, si ofisini.

Wiki moja kabla ya Pasaka ya Wafu, Terentie alinipa karatasi ya mistari mitupu. Juu haikuwa na kichwa. Akasema, "Watasaini wanaopewa mkate." Nilijua watathmini wapo siku hiyo. Nilijua hakuna mtu aliyewahi kusaini kwa ajili ya mkate wa marehemu. Nikajiambia labda ni vikombe, kama wewe ulivyojiambia. Jumanne akanirudishia ile karatasi nichape. Watu hamsini na wanane. Kichwa alichoniamuru niweke ni "Raia waliorudi kutoka nje ya nchi". Tarehe ya kurudi, 16 Aprili, kwa wote. Safu ya mwisho inauliza: amepokelewa? Terentie akasema niandike ndiyo. Nikamwuliza wamepokelewa na nini.

"Wamepewa chakula, si wamepewa? Na kikombe na taulo ni vifaa vya nyumbani. Andika."

"Mwenyekiti, kesho kutwa wote watakuwa njiani."

"Kesho kutwa watathmini nao watakuwa njiani. Agafia, mshahara wako unakuja kwa sababu kijiji hiki kipo kwenye karatasi. Kikibaki na vikongwe na kuku wataunganisha ofisi yetu na ya jirani, na wao wana karani wao. Dawa za Mama yako zinanunuliwa na nani?"

Nikachapa. Na nilipofika kwenye jina lako mkono haukusita. Nataka ulijue hilo, maana nimechoka kujidanganya kwamba ulisita. Nilikuwa nachapa kama ninavyochapa siku zote.

Nilielewa baadaye, mwezi Mei, nilipoitoa fomu yako chini ya kitambaa ili niijaze. Siku mia moja na themanini tangu 16 Aprili zinaisha tarehe 13 Oktoba. Hilo si kubwa, ungewahi. Kubwa ni ile ndiyo. Mtu anapokelewa mara moja tu. Kwa serikali wewe ulishapokelewa, Trofim. Ulipewa mkate, kikombe na taulo, na faili limefungwa.

Nilikwenda wilayani kuuliza kwa mafumbo, kama ni mtu mwingine. Kijana wa dirishani akaniambia jina linaweza kutolewa kwenye orodha, ila aliyeichapa aje aandike kwa mkono wake kwamba ni ya uongo, na alete karatasi yenye muhuri inayoonyesha kwamba mtu huyo alikuwa nje baada ya tarehe hiyo. Na lazima kabla hujarudi. Ukishavuka mpaka, nani atajua ulirudi lini?

Nitumie karatasi kama hiyo. Ya mshahara, ya kodi, yoyote yenye muhuri na tarehe. Kuhusu mkono wangu, hilo niachie mimi.

Mama bado anatenga sahani.

Dada yako,
Agafia


Brescia, Jumapili, 9 Septemba 2018

Agafia,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro. Nikaitoa nikaisoma tena kuona kama nimekosea. Sikukosea. Kwa siku kumi sikutaka kusikia jina la kijiji wala kuiona kabichi. Sava akanipa kabichi, nikamwambia ale mwenyewe.

Nimekuwa na hasira nawe, sitadanganya. Si kwa sababu ulimwogopa Terentie. Sisi sote hapa tunamwogopa mtu anayekula ndizi. Ni kwa sababu tangu Februari nilikuwa nahesabu. Wiki thelathini na nne, thelathini na tatu. Kila asubuhi nilikuwa nailipa ile mashine siku moja, nikijua huko mbele kuna mlango, na wewe umeushika. Na mlango ulikuwa umefungwa tangu Aprili, na mimi naendelea kulipa.

Hayo nimeyasema. Sasa la kwangu, maana hata mimi nilificha.

Tarehe 11 Julai nilikuwa nashusha mashine kutoka kwenye gari. Vidole havikuwa vinasikia, kwa hiyo sikujua kwamba kimoja kilikuwa bado kimebaki chini ya bano la chuma la kuishikilia. Niliona damu kwanza. Nikamwuliza Sava, "Ni ya nani?" Kidole cha shahada cha kushoto wamekikata kwenye fundo la pili. Nilimkataza Nichita asiseme, nikamwambia akisema nitasafiri na dereva mwingine mpaka kufa. Ndiyo maana kwenye simu nilikuwa nakata. Nilikuwa naishika simu kwa mkono mmoja, na mkono unachoka.

Msimamizi alitaka kuniondoa. Nikamwomba anipe ufagio. Tangu Agosti nafagia uwanja na kufungua geti. Wenzangu wote walioona walinishauri nishtaki, lakini mashtaka yanataka miaka, na mimi nataka Oktoba.

Karatasi za mshahara hazitakufaa. Nusu ya miezi ananilipa mkononi, na nusu nyingine ameandika jina langu vibaya. Lakini hospitali waliandika vizuri. Nimeiweka humu ndani. Ina tarehe, ina muhuri wa mviringo, ina picha ya mkono wangu na jina langu lote. Nilikuwa nimekusudia usiione kamwe. Sasa ndiyo karatasi pekee duniani inayosema nilikuwa wapi.

Daktari ameandika pia kwamba nisishike tena chombo kinachotetemeka. Mpango ule una daktari wa mikono, uliniandikia mwenyewe. Bila huo, sijui. Sava anajifanya hajali, lakini siku hizi ananifungia vifungo vya shati bila kuombwa.

Ukienda wilayani, Terentie atakufukuza. Dawa za Mama zitanunuliwa na nani? Mimi siwezi kukuambia nenda. Siwezi pia kukuambia usiende. Nimeanza kuandika sentensi zote mbili na nimezifuta zote mbili, unaona uchafu ulio hapo juu.

Je, mtu mwenye vidole tisa anaweza kujenga jiko? Nimejaribu hapa uwanjani na matofali mabovu. Tofali halihesabu vidole. Nilijenga jiko dogo tukakaangia mayai. Moshi ulipanda wima.

Mdogo wako,
Trofim


Valea Nucului, 30 Septemba 2018

Mdogo wangu Trofim,

Picha ya mkono wako nimeiangalia mara moja. Kisha nikaigeuza na kuisafirisha imegeuzwa, kwenye mkoba, mpaka wilayani.

Nilikwenda Jumatano. Nilivaa koti la misa. Dirishani alikuwepo yuleyule kijana.

"Mama, yule mtu mwingine uliyekuwa unamwulizia?"

"Ni mdogo wangu. Na aliyechapa ni mimi."

Akanipa karatasi na kalamu, akaniambia niandike kwa maneno yangu. Miaka ishirini na mbili naandika kwa maneno ya wengine. Nilikaa kwenye benchi nikaogopa kama mtoto. Nikaandika kwamba orodha ya 16 Aprili ilisainiwa makaburini na watu waliokuwa wanapokea mkate wa marehemu, kwamba hawakuambiwa ni orodha gani, kwamba niliichapa nikijua. Hamsini na wanane wote, si wewe peke yako. Nilianza na jina lako tu, kisha nikaona kwamba mwaka ujao au ule utakaofuata mwingine atarudi bila mkono, na dada yake si karani.

Kijana akasoma. Akamwita mkubwa wake, naye akasoma, akauliza, "Hiki ndicho kijiji cha fremu?" Nikasema ndicho. Akapiga muhuri.

Wameniambia majibu ni ndani ya siku thelathini. Hawakuahidi kitu. Mkubwa alisema mpango haukuwahi kumtoa mtu kwenye kupokelewa, hawana hata safu yake, itabidi waandike pembeni. Lakini karatasi ya hospitali aliishika kwa mikono miwili, na nakala yake iko kwenye faili lako.

Terentie alijua kabla sijashuka kwenye basi. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

"Agafia, umetuua."

"Tulikuwa tumeshakufa, mwenyekiti. Tulisaini hukohuko makaburini."

Nimesimamishwa kazi mpaka itakapoamuliwa. Hakunifukuza, nadhani kwa sababu barua ya kunifukuza angehitaji mtu wa kuichapa. Nimeanza kuchuma plamu kwa mama wa duka, malipo yanatosha dawa za Oktoba. Za Novemba tutaziona Novemba. Mkono unanitetemeka jioni, usicheke.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa Mama. Mkubwa wa wilaya alinipa nakala ya niliyoyaandika, na sentensi ya kwanza inasema, "Trofim Gandrabur hajarudi." Ili uruhusiwe kurudi ilibidi nisaini kwamba hujarudi. Nikarudi nyumbani, sahani ipo, ugali umefunikwa. Nikakaa upande wa sikio la kulia nikamsomea. Nikangoja alie.

Akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Nilijua. Mabuti yake yako mlangoni tangu Pasaka na hayajapata tope."

"Sasa hizi sahani zote zilikuwa za nini?"

"Ukumbi mzima ulipiga makofi, Agafia. Nilifikiri labda mimi ndiye niliyekosea."

Kisha akala ule ugali wako, wote, na jibini.

Habari za kidole sijamwambia. Hilo utamwambia mwenyewe, kwa mdomo.

Njoo. Sijui unakuja kwenye nini, lakini njoo.

Dada yako,
Agafia


Brescia, Jumapili, 7 Oktoba 2018

Dada Agafia,

Nakusalimu wewe, na Mama mara mbili. Barua yako nimeisoma kwa sauti kontena zima, mpaka pale pa Terentie na kiti. Sava ameomba nirudie. Kisha akaenda nje kuvuta sigara wakati havuti.

Mkataba umeisha jana. Msimamizi alinipa mkono wa kulia na hakuutazama wa kushoto. Alitaka nisaini msimu mwingine wa kufagia. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Nakuambia ili ujue kwamba ilikuwa karibu hivyo, maana siku thelathini ni nyingi na ufagio uko papo hapo. Nikairudisha kalamu mezani. Mwaka huu nimeshasaini ya kutosha.

Barua hii inakuja na Nichita leo. Mimi nakuja naye Jumapili ijayo, kiti cha nyuma, penye vifurushi. Nimemwuliza nauli, akanipandisha kwenye mizani yake ya mizigo. Kilo sabini na tatu. Anasema kwa bei ya kifurushi nitapata nafuu, ila nisibweke mpakani.

Wakijibu ndiyo, nitakwenda kwenye kozi na nitakaa mbele. Wakijibu hapana, nina matofali ya banda la Baba lililoanguka, nitaanza na jiko la mama wa duka, anilipe plamu. Daktari wa mikono sijui nitampata wapi. Nina hofu, dada. Nimekuwa na hofu tangu Februari, lakini hii ya sasa inaelekea nyumbani.

Mabuti usiyasogeze. Yapake mafuta kidogo, mpira usije ukapasuka. Na Jumanne ile nikifika, kama mtu yeyote atakuja na kalamu, hata uwe wewe, naomba nisiandikwe popote mpaka niwe nimeyachafua.

Mdogo wako,
Trofim